Kamera ipo, sura haipo: picha ya ulinzi huharibikia wapi?

Saa nane na dakika kumi na mbili usiku, mtu mmoja aliingia kwa geti dogo la nyumba fulani Kigamboni, akaisukuma pikipiki iliyokuwa imeegeshwa chini ya mwembe, akatoka nayo. Kamera mbili zilimwona. Asubuhi mwenye nyumba, mama mtu mzima, aliniketisha sebuleni mbele ya runinga, tukairudia ile video mara sita. Kofia ilionekana. Fulana ilionekana kuwa nyeupe kuliko suruali. Pale palipotakiwa kuwa na uso palikuwa na doa, kama mtu aliyepakwa chokaa.

"Mwanangu," akaniambia, "siku waliponifungia hizi kamera niliambiwa nitaona mpaka nzi."

Aliniita nimshauri anunue kamera gani mpya. Nikamwomba tusinunue kitu kwanza. Nimefunga na kurekebisha kamera kwa miaka kadhaa sasa, na kinachoniuma ni kuona watu wakitupa kamera nzima na kufunga nyingine ghali, halafu miezi mitatu baadaye doa ni lile lile. Picha ya kamera ni msafiri. Inaanza kama mwanga unaoangukia uso wa mtu, inapita kwenye lenzi, inageuzwa kuwa umeme, inakimbia kwenye waya, inafika kwenye mashine ya kurekodi ambayo mafundi tunaiita DVR, inabanwa ili ienee kwenye diski, kisha inapanda intaneti hadi kwenye simu yako. Kila kituo kinaweza kumpokonya msafiri huyu kitu, na kilichopotea kituo cha nyuma hakirudishwi mbele. Ukinunua kamera mpya umebadilisha vituo viwili tu vya mwanzo. Kama ugonjwa uko kwenye diski, umetibu mguu wakati kinachouma ni jino.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kujua picha inaharibikia kituo gani, na kwa hilo huhitaji hata ngazi. Angalia kama ubovu uko kwenye kamera zote au moja. Kamera zote zikiharibika kwa pamoja, shuku DVR, mipangilio yake au chanzo cha umeme. Ikiwa moja tu, shuku lenzi yake, waya wake au mahali ilipofungwa. Angalia kama picha ya moja kwa moja ni nzuri lakini iliyorekodiwa ni mbaya. Linganisha mchana na usiku. Mwisho, linganisha unachokiona kwenye simu na unachokiona kwenye runinga iliyounganishwa na mashine yenyewe.

Hili la mwisho hutatua kesi nyingi kuliko watu wanavyodhani. Kamera au mashine nyingi hutoa mikondo miwili ya picha kwa wakati mmoja: mkubwa wa kurekodi, na mdogo wa kutazama kwenye simu bila kumaliza bando. Programu ya simu kwa kawaida hufungua ule mdogo, ambao unaweza kuwa na pikseli (vitone vinavyounda picha) 640 tu kwa upana. Tafuta kitufe kilichoandikwa SD, kibonyeze kiwe HD. Nimewahi kuitwa mbali sana kwa ajili ya kitufe hicho.

Kwa yule mama, picha ya moja kwa moja kwenye runinga ilikuwa safi kidogo mchana. Iliyorekodiwa ilikuwa na vigae: miraba miraba iliyokuwa ikitambaa kila mtu anapopita. Hapo nikajua tuanzie kwenye mashine.

Mwezi mzima kwenye diski moja

Kila mwenye nyumba huuliza, "Inatunza siku ngapi?" Fundi naye anajua jibu linalopendeza ni mwezi. Hebu tupige hesabu. Kamera ya pikseli 1920 kwa 1080, ile inayoitwa megapikseli 2, ikirekodi kwa mfumo wa kubana video uitwao H.264 inahitaji kama megabiti 4 kwa sekunde ili picha yenye mtu anayetembea ibaki na sura. Megabiti 4 ni nusu megabaiti kila sekunde, ambayo ni gigabaiti 43 kwa siku. Kamera nne ni gigabaiti 173 kwa siku. Diski ya terabaiti 1 inajaa kabla siku ya sita haijaisha.

Sasa diski hiyo hiyo inawezaje kutunza mwezi? Kwa kubana. Ili kamera nne zienee kwa siku 30, kila moja ipewe chini ya megabiti 0.8 kwa sekunde, yaani moja ya tano ya ile haki yake, au tuseme kwa urahisi: mashine inatupa sehemu nne kati ya tano za habari. Haitupi ovyo. Ukuta uliosimama inauchora vizuri, kwa sababu ukuta haubadiliki na fremu moja, yaani picha moja kati ya zile zinazounda video, inatosha kuelezea nyingi. Inachokitupa ni vitu vinavyotembea. Mwizi anatembea. Ndiyo maana ukisimamisha video ya namna hii, matofali ya ukuta unaweza kuyahesabu na mtu aliyepita mbele yake ni uji.

Nilifungua mipangilio ya DVR ya yule mama. Kila kamera ilikuwa imewekewa kilobiti 768 kwa sekunde. Na kulikuwa na jambo la pili, baya zaidi kwa sababu limefichwa ndani ya herufi moja. Mashine ilikuwa ikirekodi kwa kiwango kinachoitwa 1080N. Boksi la kamera limeandikwa 1080p, boksi la mashine limeandikwa 1080, mnunuzi anaona namba zinafanana. Lakini 1080N ni pikseli 960 kwa 1080: nusu ya upana imekatwa kabla ya kurekodiwa, kisha picha inanyooshwa wakati wa kuonyeshwa ili isionekane nyembamba. Kamera inaona 1920, diski inapokea 960. Maneno kama "Lite" kwenye boksi la mashine yana maana hiyo hiyo. Ukienda dukani, muulize muuzaji mashine inarekodi pikseli ngapi kwa ngapi kwenye kila kamera zote zikiwa zinafanya kazi, na fremu ngapi kwa sekunde. Asipojua, muombe awashe mtazame wote.

Mashine yake ilikuwa na uwezo wa H.265, mfumo mpya zaidi ambao kwa picha ileile hutumia karibu nusu ya data. Ulikuwa umezimwa. Tuliuwasha, tukaweka megabiti 2 kwa kila kamera na pikseli 1920 kamili, tukapunguza fremu hadi 12 kwa sekunde maana mashine isingebeba zaidi. Diski yake sasa inatunza siku 11 badala ya 30. Nilimweleza mama hivyo bila kumficha, naye akajibu kwamba mtu akiibiwa hajui baada ya wiki mbili, anajua asubuhi.

Lenzi, chumvi na buibui

Kisha nikapanda ngazi. Kamera ya getini ilikuwa na utando wa buibui uliotandazwa kutoka kwenye kikofia chake hadi ukutani, na lenzi ilikuwa na ukungu mweupe unaonata. Anayeishi karibu na bahari anaujua ukungu huo kwenye vioo vya madirisha: chumvi iliyokuja na upepo, ikachanganyika na vumbi.

Mchana utando huo huuoni kabisa. Usiku ni kitu kingine. Kamera nyingi za ulinzi zina taa ndogo za LED kuzunguka lenzi zinazotoa miale ya infraredi, mara nyingi ya nanomita 850, ambayo jicho letu linaiona kama wekundu hafifu tu lakini kamera inaiona kama kurunzi. Uzi wa buibui ukiwa sentimita tano mbele ya taa hizo unang'aa kama waya wa moto. Mwanga unarudi moja kwa moja kwenye lenzi, kamera inadhani kuna mwanga wa kutosha, inapunguza nguvu, na uwanja mzima nyuma yake unakuwa giza. Wadudu wanaoruka hapo wanamvuta buibui, na buibui akishajua pana chakula hahami. Ufagio mara moja kwa wiki ndiyo dawa. Ukipulizia dawa ya wadudu, usipulize kwenye lenzi.

Kusafisha kwenyewe kuna utaratibu. Usianze na kitambaa kikavu. Mchanga ulio kwenye vumbi utachora kioo na mikwaruzo hiyo haitoki. Mwagia maji safi kwanza yaondoe chumvi na mchanga, kisha pangusa taratibu kwa kitambaa laini kama kile cha kufutia miwani. Kama uso wa kamera ni plastiki, hasa zile za duara zinazobandikwa darini, weka mbali spiriti na thina, kwa sababu vinaipausha. Plastiki iliyokwisha kupaushwa na jua haisafishiki, badilisha kifuniko. Na kabla ya yote, angalia kama ile karatasi ya nailoni inayolinda lenzi kutoka kiwandani imetolewa. Wapo waliokaa nayo mwaka mzima.

Ukungu ukiwa kwa ndani, yaani matone unayaona lakini kitambaa hakiyafikii, maji yameingia, mara nyingi kupitia tundu la waya. Fungua kamera siku ya jua kali, iache ikauke, tia kifuko cha silika kama vile vinavyokuja ndani ya boksi la viatu, kisha ziba kwa silikoni pale maji yalipopita.

Usiku kuna mtego mwingine: ukuta mweupe, nguzo au ukingo wa paa ulio karibu na kamera. Unarudisha infraredi vilevile kama utando. Geuza kamera kidogo mpaka kitu hicho kitoke kwenye picha. Na uso ulio karibu mno na kamera huungua weupe kwa sababu hiyo hiyo. Lile doa la chokaa kwenye uso wa mwizi lilitokana na hapo: alipita mita mbili tu kutoka kwenye taa za infraredi zilizokuwa zikiwaka kwa nguvu zote. Kamera nyingi zina mpangilio wa kupunguza mwanga huo zenyewe kitu kikisogea karibu, na ya kwake ilikuwa nao. Haukuwa umewashwa.

Ikiwa tatizo ni la mchana na rangi zimegeuka, majani ya mti yanaonekana ya waridi na suruali nyeusi inaonekana zambarau, hapo kuna kichujio kidogo ndani ya kamera kilichokwama. Kazi yake ni kuziba infraredi mchana na kusogea pembeni usiku. Ule mlio mdogo wa "tik" unaousikia jioni ni wake. Lazimisha kamera iwe ya mchana, kisha ya usiku, kisha ya mchana tena kupitia mipangilio, mara tatu nne. Mara nyingine hujinasua. Isipojinasua, hapo ndipo kamera mpya inapohitajika kweli.

Umbali, na hesabu ambayo wengi hawaipigi

Kamera ya pili ilikuwa kwenye ukuta wa nyumba, mita 11 kutoka kwenye mwembe. Lenzi yake ilikuwa ya milimita 2.8, ambayo ndiyo inayouzwa zaidi kwa sababu inaonyesha uwanja mzima. Hiyo ndiyo shida yake. Lenzi hiyo hufungua pembe ya kama digrii 105, kwa hiyo umbali wa mita 11 inabeba upana wa karibu mita 29. Gawanya pikseli 1920 kwa mita 29: unapata pikseli 66 kwa kila mita. Uso wa mtu una upana wa kama sentimita 16, kwa hiyo unapewa pikseli 10 au 11. Na kwa sababu mashine ilikuwa ikikata upana nusu, uso wa yule mwizi ulichorwa kwa vitone vitano.

Vitone vitano haviwezi kuwa uso, hata vikikuzwa namna gani. Kiwango cha kimataifa cha kamera za ulinzi, IEC 62676-4, katika toleo lake la mwaka 2014, kilitaka pikseli 250 kwa mita ili umtambue mtu usiyemjua bila shaka, 125 kwa mita ili umtambue mtu unayemjua, na 25 kwa mita ili ujue tu kwamba kuna mtu. Kwa hiyo kamera ya ukutani ilifanya kazi yake kikamilifu: ilisema kuna mtu.

Namba za gari ni vivyo hivyo. Kibao kina upana wa kama nusu mita. Kwa pikseli 66 kwa mita, kibao kizima kinapata pikseli 33, na herufi na tarakimu zake saba zikigawana hizo, kila moja ina nne au tano. Hakuna programu itakayozisoma.

Dawa hapa ni lenzi nyembamba au kamera kusogea karibu. Lenzi ya milimita 6 kwa umbali uleule inabeba upana wa kama mita 11 tu na kutoa pikseli karibu 180 kwa mita. Unapoteza kona za uwanja, unapata uso. Nyumba yenye kamera nne inafaa iwe na angalau moja iliyobana mahali ambapo kila anayeingia lazima apite.

Na urefu wa kufunga. Watu hupandisha kamera juu sana wakiogopa itang'olewa. Kamera iliyo mita 4 juu inamtazama mtu aliye mita 3 mbele yake kwa kumuinamia karibu digrii 40, na kofia inamaliza kazi. Ishushe hadi mita 2.3, anaonekana karibu ana kwa ana. Hofu ya kung'olewa ni ya kweli. Ndiyo maana kamera nyingine iwekwe inayoitazama hiyo.

Kama mtu anaonekana vizuri akisimama lakini akitembea anavutika kama moshi, chanzo ni muda ambao kamera inafungua jicho lake. Gizani inaweza kulifungua kwa 1/25 ya sekunde. Mtu anayekimbia mita 5 kwa sekunde anasogea sentimita 20 katika muda huo, zaidi ya upana wa uso wake. Weka 1/100 na atasogea sentimita 5. Picha itakuwa nyeusi zaidi, kwa hiyo ongeza taa ya kawaida ya nje. Taa ya wati 10 ya LED getini, mita moja pembeni ya kamera, ina faida kuliko kamera yenye megapikseli maradufu, na inawahamishia wadudu kwake.

Umeme na nyaya

Kamera inayozimika na kuwaka usiku tu, au inayojaa mistari taa za infraredi zinapowaka, ina njaa. Mchana inakula umeme kidogo. Usiku taa zake zikiwaka inaweza kufika nusu ampea. Ikiwa fundi alipitisha volti 12 kwenye jozi moja ya waya mwembamba wa mtandao kwa mita 40, kwenda na kurudi ni mita 80, na kwa shaba safi unapoteza zaidi ya volti 3 njiani. Kamera inapata chini ya 9. Waya wa alumini uliopakwa shaba, ambao umejaa madukani kwa sababu ni rahisi, hupoteza zaidi, karibu mara moja na nusu. Ukwangue kwa kisu: ukiona weupe ndani, ndio huo. Pima volti kwenye kamera yenyewe, usiku, taa zikiwa zinawaka. Kipimo cha mchana kwenye adapta hakisemi kitu.

Vichwa vya BNC, vile vya chuma vinavyounganisha waya wa picha, navyo hula kutu ya kijani pwani. Vitoe, vikwangue au vibadilishe, kisha viweke ndani ya boksi la plastiki badala ya kuning'inia kwenye mvua. Mistari ya mlalo inayotiririka polepole juu ya picha mara nyingi huletwa na waya wa picha uliolazwa sambamba na waya wa umeme wa nyumba. Ukiona mstari mmoja unaochapa kila baada ya kama sekunde moja, angalia uzio wa umeme juu ya ukuta. Ndio mdundo wake huo. Utenge waya wa kamera na uzio.

Mikanda ya giza inayopanda na kushuka chini ya taa za tyubu ina sababu nyingine. Umeme wetu Afrika Mashariki ni hezi 50, na kamera nyingi huja zikiwa zimewekwa 60. Hutokea hasa kwa zile ambazo ndugu wametuletea kutoka Marekani au Saudi Arabia, ambako umeme ni hezi 60. Badilisha kwenye mipangilio kutoka NTSC (ya hezi 60) kwenda PAL (ya hezi 50).

Kamera za Wi-Fi nazo zina kipimo rahisi. Toa kadi ya kumbukumbu, tazama video kwenye kompyuta. Kama kwenye kadi ni safi na kwenye simu inakatika, kamera haina kosa: mawimbi hayaifikii vizuri ruta, au intaneti yako haina nguvu ya kupandisha. Paa na mageti ya bati huzuia mawimbi kuliko ukuta wa tofali. Sogeza ruta kabla hujabadilisha kamera.

Jambo moja zaidi, kwa sababu nimeona likiharibu ushahidi mzuri. Usimpe askari video uliyoirekodi kwa kuielekezea simu runinga, wala usiitume WhatsApp kama video ya kawaida, maana itabanwa tena. Chomeka flashi kwenye mashine, nakili faili lenyewe, na kama ni lazima litumwe, litume kama hati. Fanya hivyo siku hiyo hiyo, kabla diski haijazunguka na kuandika juu yake.

Pikipiki ya yule mama haijapatikana. Kwake tulinunua lenzi moja ya milimita 6, waya wa shaba mita tano na taa ya getini. Kamera ya geti ilishuka, utando ukafagiliwa, mashine ikapangwa upya. Usiku wa tatu nilimtuma mjukuu wake atoke na kuingia kwa mwendo wa haraka, amevaa kofia. Tukakaa pale pale sebuleni, mama akaisimamisha video, akavaa miwani yake na kuinama karibu na runinga.

"Kumbe ameanza kufuga ndevu," alisema.